Dreva wa Gona na Tangi la Philister

Weka mkono kifuani useme wallahi hutamwambia mtu. Umesema? Haya. Hata mimi niliapa hivyo hivyo Jumanne, mbele ya kijiwe kizima, kwamba haya hayatafika kwa wakubwa wa gofu, na wewe sasa ni wa sita kuyasikia. Kijiwe chenyewe kiko huku mtaani kwetu Ziwa la Ng'ombe, mabenchi mawili yaliyotazamana, nami nakaanga mahamri hatua nne kutoka hapo, kwa hivyo neno halinipiti. Kahawa ni ya mzee Kalama, mtu mkimya, hana siku aliyobishana na mtu. Baada ya alasiri huketi Jumaa, mstaafu wa bandarini, tunamwita Winchi, na Jacktone wa trela, tunamwita Gia. Halafu kuna Gona, baba wa watoto wawili, kedi, yaani huwabebea wachezaji mifuko ya fimbo kule uwanja wa gofu. Jumamosi hii makedi wanashindanishwa: atakayepiga kipira kikapita hatua mia mbili, anachukuliwa kufundisha wanaoanza, mabega yake yapumzike. Gona mwisho wake mia na sabini.

— Taabu yangu ni dreva, akasema Gona. Nikiweka nguvu tu, kulia!

— Dreva gani huyo? akadakia Gia. Kama anavuta kulia si apelekwe akapimwe macho!

— Dreva ni fimbo, kaka. Ile ndefu, ya pigo la kwanza.

— Sasa si useme fimbo. Nishaanza kumwonea mtu huruma.

Fimbo hiyo alipewa na mchezaji mmoja ilipochubuka kichwa, naye hujizoeza nayo kwenye kiwanja cha mchanga hapo konani, akija kijiweni huiegemeza nyuma ya jiko la kahawa.

— Ni mikono, akasema Winchi. Mimi bandarini nilikuwa nikishika kamba, kamba yenyewe inaomba msamaha. Ishike kama unaitaka roho.

— Nimeishika hadi vidole vikafa ganzi, mzee. Ikaenda mia na arobaini.

— Basi hujaikasirikia. Kipira kinamjua mtu mwenye huruma.

— Wacha, buda, akasema Gia. Huwezi kung'oa trela na gia ya tano. Fimbo ipeleke nyuma polepole, mzigo ukae mguu wa kulia, ndio uachilie. Halafu ungoje trela ipite barabarani. Ikifika sawa na wewe, piga. Ule upepo wake unakivuta kipira hadi Bamburi.

— Na trela isipopita?

— Unanipigia simu.

Hapo sikuweza kunyamaza.

— Nyonga, nikasema. Anzeni na nyonga, mikono itafuata.

— Bi Nana, wewe geuza mahamri, akasema Winchi.

— Nageuza, na nyinyi geuzeni nyonga. Siku ya harusi ya dadangu nilicheza mara moja tu, ukumbi mzima ukageuka, na mkono sikuinua.

Wakacheka hadi Winchi akapaliwa. Kalama akainua birika, akalitikisa. Tupu.

— Naleta nyingine, akasema, akaondoka zake. Nani amtazame? Walikuwa wanabishana kama kipira husikia matusi.

Mara Philister huyo, mwenye nyumba za kupanga ng'ambo ya kiwanja, na kipira mkononi, na nyuma yake Mercyline, mpangaji wake mpya.

— Gona! Hiki ni cha tatu wiki hii. Tangi langu limepasuka, maji yanamwagikia ukutani. Kesho asubuhi naenda kwa mkuu wa makedi akufute kwa hiyo Jumamosi yenu!

— Dada Philister, si mimi. Kutoka kiwanjani hadi tangini kwako ni hatua mia mbili na thelathini, nimepima mwenyewe. Mimi sifiki huko.

— Shahidi wako nani?

— Mimi! Winchi akasimama. Namtazama kila siku. Huyu hana pigo.

— Hata hiyo mia na sabini anajipendelea, akasema Gia.

Maskini Gona, anatetewa na uso unamshuka. Akiwa ndiye, anafutwa. Akiwa siye, basi keshashindwa kabla ya Jumamosi.

— Sasa nani, kama si yeye? Philister akauliza. Mtaa mzima mwenye fimbo ni yeye.

— Kunguru, akasema Winchi. Anakiokota kule gofu akidhani yai, akifika juu ya tangi anagundua hakina joto.

— Zii, akasema Gia. Kinapigwa huko huko, kinadunda juu ya kontena, kontena inakileta.

— Sitaki kunguru wala kontena! Nataka hiyo fimbo, niende nayo ya ushahidi.

Mercyline, aliyehamia juzi tu, akainua kidole kama yuko shule.

— Samahani jamani. Hiyo fimbo yenyewe iko wapi?

Gona akachungulia nyuma ya jiko. Majivu na koleo. Gia akainama chini ya benchi. Winchi akanitazama mimi, mshenzi yule, kana kwamba naikaanga.

Puu!

Ni kipira kingine, tangini kwa Philister. Tulitoka mbio sote, mimi na kijiko changu cha mafuta, tukapinda kona hadi kiwanjani.

Kalama alikuwa amesimama katikati, kikoi kimefungwa juu ya magoti, birika pembeni, na kipira kingine kinamngoja juu ya kifuniko cha soda. Fimbo ilikuwa imemzunguka hadi ikalala begani. Tumbo lake linatazama tangi, kisigino cha kulia kiko juu, uzito wote umehamia mguu wa kushoto.

— Kalama! Ni wewe?

— Nilibeba mifuko kule miaka kumi na miwili, akasema mzee, hajui aangalie wapi. Sikuruhusiwa kupiga hata kimoja.

Akaanza kuishusha fimbo.

— Usishushe! Gona alikuwa keshapiga magoti mchangani, pua karibu imguse mzee kisigino. Dada Philister, ngoja kidogo. Mtu asimguse. Mzee, nakuomba, baki hivyo hivyo, nijifunze kabla ya Jumamosi.