Lango Ambalo Mzee Mungin Hakuwaonyesha Wageni

Mzee Hezekiah Mungin alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika kisiwa cha Johns, mtoto pekee wa Bi Odessa Mungin, mpishi katika nyumba ya matajiri mjini Charleston, Marekani, mtaa wa Tradd. Baba yake alifariki Hezekiah hajaanza kutambaa.

Alisoma kisiwani, kisha akamaliza sekondari mjini mwaka 1966. Walimu walimkumbuka kwa mdomo wake: akianza kusimulia, kengele ililia bure.

Mwaka 1971 alianza kuwatembeza wageni kwa gari la kuvutwa na nyumbu, chotara wa punda na farasi. Mji aliujua nje ndani. Wageni wakimsifia tajiri aliyejenga jumba fulani, aliwakatiza: "Tajiri gani? Hakugusa hata tofali, huyo. Waliojenga ni babu zetu, wakiwa watumwa."

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa Bi Wilhelmina, msusi wa vikapu vya nyasi sokoni. Uchumba wao ulikuwa wa kejeli. Hezekiah aliwaambia wageni, "Vikapu vizuri kuliko hivi hamtapata, ila muuzaji ana maringo." Bi Wilhelmina naye akajibu, "Nunueni upesi, nyumbu asichoke kumsubiri mjinga wake."

Kichochoro kimoja tu, nyuma ya mtaa wa Tradd, hakukipita. Mkewe alipouliza, alisema nyumbu hapapendi. Walibadilishwa nyumbu saba, na wote hawakupapenda.

Mwaka 2016 maradhi ya kusahau yalimwingia, na hatimaye akamsahau hata mkewe. Iliuma sana. Lakini Bi Wilhelmina alivaa kofia kila asubuhi, akamwambia, "Bwana, mimi mgeni. Nitembeze."

Asubuhi moja ya Oktoba 2018 Mzee alimwingiza katika kichochoro kile, akasimama penye lango la nyuma.

"Hapa sijaleta mtu, bibi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama yangu alitokea hapa na mkebe wa wali. 'Hezi, mwanangu, umesahau chakula!' Mgeni akaniuliza, nani huyo? Nikaona haya. Nikasema, mpishi wa nyumba hii. Mama alisikia. Akarudi ndani na mkebe wake."

"Hakukusema?"

"Hata siku moja. Akafa hivyo hivyo."

Tangu hapo Bi Wilhelmina aliomba apelekwe langoni kila siku, akauliza, "Mpishi wa hapa alikuwa nani?" Naye Mzee akavua kofia yake na kujibu kwa sauti ya kazini: "Odessa Mungin. Mama yangu mzazi."

Mzee alifariki nyumbani kwa homa ya mapafu, Jumamosi tarehe 2 Februari 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, mabinti wawili, Lavinia na Ernestine, na wajukuu watano.

Tukitoka kanisani, jeneza litapitishwa kichochoroni na kusimama langoni. Bi Wilhelmina atauliza swali lake. Safari hii tumjibie sisi sote, kwa sauti, nyumba nzima isikie.

Pumzika kwa amani, mwana wa Odessa.