Kivuli, Mpiga Picha za Ng'ombe Wasiofungwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Kivuli kwa vile alishinda kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu.

Shuleni alichora ng'ombe pembezoni mwa daftari la hesabu. Mwalimu alimchapa, kisha akauomba ule ukurasa.

Mwaka 1979 alifungua studio ya picha za vitambulisho karibu na stendi ya basi. Mfugaji mmoja alimwomba picha ya ng'ombe aliyekuwa anampeleka mnadani. Alipoiona, nyeusi na nyeupe, akaghairi kuuza. Tangu hapo sura za watu zilimchosha Kivuli, na picha zake za ng'ombe zikatundikwa kwenye kumbi kubwa.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na nesi aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho, akaambiwa asicheke, akashindwa. Nesi huyo ndiye aliyemfunga bandeji miaka yote, maana Kivuli hakukubali ng'ombe afungwe kamba mbele ya kamera. Kwanza kidole, kisha goti. Dalili ya mvua ni mawingu, na mkewe aliyaona.

"Mfunge basi, mume wangu, hata mguu mmoja."

"Kamba ikiingia kwenye picha, ng'ombe anatoka."

Mwaka huu alimpiga picha dume aliyemlea mwenyewe tangu ndama. Mkewe aligundua kuwa dume huyo aliacha kula kila kitambaa kilipotolewa, akawa anakitazama tu. Alisema, akachekwa.

Asubuhi ya tarehe 9 Juni, mkewe, akiwa jikoni, alisikia miguu ya kamera ikivunjika. Dume alikuwa amempiga Kivuli kwa kichwa, na mbavu zilikuwa zimetoboa pafu. Hospitalini, Kivuli alimshika mkono.

"Dume asichinjwe. Niahidi."

Aliahidi. Nani angemkatalia? Kivuli alifariki tarehe 17 Juni.

Binti yao aliisafisha picha ya mwisho. Kichwa cha dume kimeijaza yote, na machoni hamna hasira hata kidogo. Mjane anasema hilo ndilo linalomtisha.

Marehemu ameacha mjane, binti, wajukuu wawili na kaka zake. Ameacha pia ahadi, na mjane ameapa kuitimiza ingawa halali usingizi. Dume yuko nyuma ya nyumba. Tangu msiba uanze hajala, na amegeuka kuuelekea mlango wa jikoni.

Apumzike kwa amani ndugu yetu, na Mungu amlinde aliyebaki.