Mbio Mbili za Fraochán

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo hapa Kildare tunamkumbuka Nuala Tierney, mkufunzi wa farasi wa mbio, aliyetutoka Jumanne. Uliyewahi kuegemea ukuta wa zizi lake na kikombe cha chai unajua: chai ilipoa, maneno hayakuisha.

Farasi wa mwisho aliyemfunza ni Fraochán, jike wa miaka miwili. Amekimbia mara mbili tu. Mara ya kwanza akawa wa nne. Mara ya pili, kwenye matope ya Oktoba, akashinda kwa mbali, na kila baa hapa ikamvika taji.

Fintan, mdogo wake Nuala na mwenye farasi huyo, alikwenda zizini akiimba. Ananisimulia: "Nikamwambia, dada, tumwingize mbio kubwa za mwezi huu! Akanijibu, 'Ni wewe unayesema, Fintan, au ni bia? Amewashinda waliokwama matopeni. Hata punda wa marehemu baba angewapita.'"

"Kwa hiyo hafai?" Fintan akauliza.

"Anafaa sana! Tazama mbio alizoshindwa. Walimbana nyuma, njia akaipata kwa kuchelewa. Mwishoni wenzake wanahema, yeye ndiyo kwanza anaongeza mwendo. Huyo ndiye farasi. Ila shika goti hili. Lina joto, mifupa haijakomaa. Mkimbize sasa, utamvunja. Mngoje mpaka Mei."

Fintan alikataa. Wakanuniana wiki nzima kwa desturi ya akina Tierney: kupikiana chai bila kusemezana. Kisha Nuala akafariki usingizini. Uamuzi ukabaki kwa Fintan peke yake.

Juzi tulimzika. Gari la maiti lilipita zizini kwanza, kama ilivyo ada yetu, na farasi wakachungulia milangoni. Fintan akaingia kwa Fraochán, akainama, akashika goti. Akakaa hivyo. Padri akakohoa. Sote tukangoja.

"Bado lina joto," Fintan akasema. Kisha, akilitazama jeneza: "Haya, dada. Umeshinda. Mei."

Basi mbio kubwa za Jumapili zitakwenda bila Fraochán. Pole, Fintan. Poleni, akina Tierney wote. Nasi tujiulize ni nani tuliyemdharau kwa kuwa alifika wa nne.

Mei ikifika, wasikilizaji wapendwa, msiangalie tu nani wa kwanza. Mwangalieni Fraochán anavyomaliza.