Bi Orysia na Swali la Haraka

Tarehe 28 Juni, Bi Orysia Hnatiuk anastaafu baada ya kulitumikia Dawati la Wageni kwa miaka thelathini na mmoja. Kalamu yake nene ya risasi anatuachia kwenye droo. Atakayeipoteza atajibu mwenyewe.

Huku kwetu Saskatchewan, katikati ya Kanada, wageni wengi husimama kutia mafuta tu, roho zao zimeshafika milima ya Banff. Bi Orysia hakumpa mtu ramani kabla ya kumwuliza, "Mna haraka?" Wenye haraka aliwaonyesha barabara kuu. Wasio na haraka aliwageuza: wa kwenda mashariki aliwapeleka Pukaskwa, msitu unaoshuka hadi Ziwa Superior, waliobaki aliwapeleka Grasslands, hifadhi ya nyasi tupu hapa jimboni, kwa nyati wenye manyoya na kindi wa mashimoni wanaobweka. Tulimbishia sana kwamba anawapotezea watu safari, lakini pai yake ya beri ilitufunga midomo.

Mwaka 2011 mambo yaliharibika. Bwana Réjean Ouellet wa Quebec alituandikia kwa hasira: "Mlitutuma tukaangalie nyasi. Kule hakuna kitu!" Mkuu wetu wa wakati ule akamwonya Bi Orysia: lalamiko moja zaidi, atahamia stoo kupanga vipeperushi. Kwa mtu anayependa watu kama yeye, stoo ilikuwa kifungo. Aliendelea kuuliza swali lake, ila sauti ilipungua, na sisi tuliumia kuisikia.

Juni iliyofuata Ouellet akaingia tena, na mkewe Solange. Tukajua leo kimenuka.

"Yule mama wa nyasi yupo?" Ouellet aliuliza.

"Nipo," akajibu Bi Orysia. "Umekuja kunimalizia?"

"Nimekuja kuomba tena ramani ya kule nyasini. Mwaka jana uliponiuliza, nilikudanganya. Nilikuwa na haraka."

"Mpe, dada yangu!" Solange akadakia. "Majira yote ya baridi ananisimulia hiyo hakuna kitu yake, anavyoitamani. Nimechoka!"

Bi Orysia alilia mbele ya foleni nzima. Mkuu mwenyewe alikwenda kumletea kiti, na habari za stoo zikafia hapo. Akina Ouellet hupita kila Juni tangu siku ile.

Wiki iliyopita tulimkabidhi zawadi: tiketi ya Banff, maana miaka yote hiyo hajawahi kufika. Aliipokea, akatutazama mmoja mmoja. "Kwani ina haraka?" Ataitumia Septemba. Kwanza anakwenda nyasini, na akina Ouellet.

Asante, Bi Orysia. Tumekupenda, na dawati litapwaya. Tunakutakia maisha mema, marefu, yasiyo na haraka.