Miaka Miwili Tuliyomchelewesha Shangazi wa Printa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika ofisi hii ya hati za viwanja, fundi wetu wa printa na mtandao anastaafu rasmi. Wafanyakazi wapya wanamwita Fundi. Sisi tuliokaa humu mpaka viti vikatuzoea tunamwita Shangazi, kwa sababu anagomba kama shangazi na anasamehe kama shangazi, na mara nyingi humaliza yote mawili kabla ya chai ya saa nne. Masjala tumeombwa tumwandikie neno la kumuaga katika jarida hili la wafanyakazi. Neno lenyewe lina furaha upande mmoja na majuto upande wa pili. Tutaanza na furaha, maana ndiyo rahisi.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, enzi ambazo ofisi ilisikika kutoka barabarani kwa mlio wa taipureta. Kompyuta zilipoingia, baadhi ya wenzake waliomba uhamisho. Yeye aliomba kitabu cha maelekezo, akakisoma kwenye benchi la korido, akaanza kufungua mashine zilizoharibika ili aone ndani mna nini. Alipelekwa kozi, akarudi fundi. Baadaye ofisi ikaondoa vile viprinta vya kila meza na kuweka printa moja kubwa kila ghorofa, zote zikiwa kwenye mtandao. Hapo ndipo kazi yake ilipoanza kweli. Printa ya mtu mmoja ikigoma, inamgomea mtu mmoja. Printa ya mtandao ikigoma, ghorofa nzima inashika tama na wananchi wanapanga foleni hadi kwenye ngazi wakisubiri hati zao.

Ana namna yake ya kufanya kazi, na ni vizuri iandikwe mahali. Ukimwita kwamba printa haitoi, haendi kwenye printa. Anakuja mezani kwako, anavuta kiti, anakuuliza umetuma nini, umeituma wapi, na umeituma mara ngapi. Swali la tatu ndilo lenye mtego. Kila mtu katika ofisi hii hujibu kwamba ametuma mara moja tu, na kila mtu husema uongo. Basi anafungua foleni ya kazi kwenye kompyuta yako, na pale kazi yako moja inaonekana imejirudia kutoka juu ya kioo hadi chini. Anakuangalia tu mpaka unaanza kujieleza mwenyewe.

Bingwa wa mchezo huo ni mhasibu wetu, ambaye Shangazi alimbatiza jina la Bwana Tuma Tena. Mhasibu anaamini kwamba printa ni kama lifti: ukibonyeza zaidi, itakuja haraka. Kuna mwisho wa mwezi mmoja alituma taarifa yake, akaona kimya, akatuma tena, akatuma tena, akaenda kula. Aliporudi, printa ilikuwa imeshapata nguvu, na wahudumu walikuwa wanazibeba nakala za taarifa yake kwa maboksi. Shangazi alimpelekea boksi moja mezani, akamwambia ajipongeze.

Alikuwa na kipaji cha kueleza mambo hayo bila kumfanya mtu ajione mjinga. Umeme uliwahi kukatika, uliporudi ghorofa ya pili nzima ikawa haiprinti, ingawa printa ilikuwa imewaka, wino upo, na karatasi zipo. Tulikuwa tumeshaipiga makofi ubavuni. Shangazi alitueleza kwamba printa ilipoamka ilipewa anwani mpya kwenye mtandao, lakini kompyuta zetu bado zinaitafuta kwenye anwani ya zamani. Imehama nyumba bila kuwaaga ndugu, alisema, na ndugu wanagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Akaipa anwani ya kudumu na hadi leo haijahama.

Safari nyingine ghorofa hiyo hiyo ilikuwa inapoteza mtandao kila siku saa nne kasoro, halafu unarudi wenyewe. Tulishalaumu kirusi, hali ya hewa na hata mwekezaji wa jengo la jirani. Shangazi alikaa asubuhi nzima karibu na soketi ya ukutani akijifanya anapanga nyaya, mpaka akamwona mtu anakuja na birika la chai, anachomoa kile kijisanduku cha mtandao kinachowaka taa za kijani, na kuchomeka birika. Hajamtaja hadi leo, wala sisi hatutamtaja. Alifunga kipande cha karatasi kwenye waya kilichoandikwa: "Mimi si wa chai."

Na meneja atatuwia radhi kwa hili. Siku moja barua yake ya siri, aliyodhani inatoka kwenye printa ya ghorofa yake, ilikuwa inatoka mapokezi, mbele za watu, kwa sababu kompyuta yake mpya ilikuwa imejichagulia printa ya karibu na mlango mkuu. Shangazi alikuwa anapita. Aliichukua ikiwa bado ya moto, akaikunja bila kuisoma, akampandishia juu, akabadilisha chaguo la printa, na mpaka leo hakuna anayejua barua ile ilihusu nini. Tumejaribu kumdadisi mara nyingi. Ametupiga chenga mara zote.

Sasa tuje kwenye upande wa pili.

Shangazi alifikisha umri wa kustaafu miaka miwili iliyopita. Alikuwa amejipanga. Ana dada yake mkubwa, mshonaji, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemsomesha kwa cherehani. Macho ya dada huyo yalikuwa yameanza kufifia, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba hayatarudi; kisichojulikana kilikuwa ni muda uliobaki. Shangazi alitaka kwenda kukaa naye angali anaona. Hakulificha jambo hilo. Alituambia kwenye chumba cha chai, wengi wetu tukiwepo, kwamba dada anataka kumfundisha kushona, na kwamba yeye anataka dada amwone akikosea.

Ofisi ilimjibu kwamba ataondoka akishapata wa kumwachia kazi. Akaona si neno. Akaanzisha darasa la Jumatano, saa ya chakula cha mchana, kwenye kile chumba chenye baridi cha seva. Wiki ya kwanza tulijaa hadi wengine wakasimama. Wiki ya pili viti vilitosha. Baada ya muda mfupi alikuwa anafundisha mlango. Si kwamba alifundisha vibaya. Alifundisha vizuri mno. Ila alikuwepo. Ya nini kujifunza kusafisha foleni wakati mwenye kuijua yuko ghorofa ya kwanza, ukimwita anakuja? Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye anayejifunza.

Hivyo mkataba wake ukaongezwa mwaka mmoja, na mwaka huo ulipokwisha ukaongezwa tena. Kila ulipoongezwa tulimnunulia keki. Tulisimama na hotuba, tukasema bila yeye ofisi hii haiendi, tukamvika kilemba cha ukoka, naye akacheka na kukata keki na kumpa kila mtu kipande. Leo tukikumbuka hotuba zile tunaona aibu. Ilikuwa kweli kwamba tunamhitaji, lakini hatukumhitaji kiasi cha kukaa naye Jumatano nusu saa.

Mwezi wa pili mwaka huu simu yake iliita akiwa chini ya meza ya mapokezi, anafuata waya. Aliipokea hukohuko chini. Alipotoka alimalizia kazi yake, akatoa ukurasa wa majaribio, akauangalia pande zote mbili, akamwambia mhudumu wa mapokezi kwamba sasa inatoa vizuri. Kisha akamwambia kwamba dada yake ameamka asubuhi hiyo akauliza kwa nini hakujapambazuka.

Wiki chache baadaye ofisi ilitia saini mkataba na kampuni ya nje ambayo itahudumia printa zetu kwa njia ya simu. Mtu wa kumwachia kazi hakuhitajika tena. Meneja, ambaye si mtu wa kujuta hadharani, alisema katika kikao cha wote: "Hili tungeweza kulifanya miaka miwili iliyopita." Shangazi alikuwa amekaa safu ya nyuma, anaangalia mikono yake. Mwanzoni mwa Juni alichukua likizo yake ya mwisho, akafunga mizigo, akaenda kwa dada.

Wasifu huu ulipaswa kuishia hapo, kwa shukrani na salamu, uchapwe, ugawiwe. Tulikuwa tumeshaupeleka kwenye printa. Aya zinazofuata zimeongezwa baadaye, jarida likachapwa upya, na msomaji atatuvumilia.

Jarida halikutoka. Katibu muhtasi alilituma kutoka kwenye meza yake, akasubiri, hakuna kitu. Masjala tukajaribu kutoka kwetu. Mapokezi wakajaribu kutoka kwao. Tulikuwa tumepatana kwamba Shangazi asisumbuliwe kwa namna yoyote, kwa hiyo kila meza ikaona ni wajibu wake kulituma, na kulituma tena. Tulipiga simu kwenye kampuni. Sauti yenye adabu sana ilituambia tuandike ombi na tusubiri hadi Jumatatu. Sherehe ilikuwa kesho yake.

Tulivumilia mpaka alasiri, kisha katibu muhtasi akatoa simu yake. Tulimtazama. Hakuna aliyemzuia.

Shangazi alipokea. Simu ilikuwa imewekwa kwenye spika, na nyuma yake ulisikika mlio wa cherehani, unakwenda kidogo, unasimama, unakwenda tena kwa kusitasita, mlio wa mtu anayejifunza. Katibu muhtasi alimweleza tatizo kwa mzunguko mrefu bila kutaja ni waraka gani. Shangazi hakugomba. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi. Aliuliza tu kama kuna mtu amesoma maandishi kwenye kioo cha printa yenyewe.

Hakukuwa na mtu. Tangu asubuhi sote tulikuwa tumekodolea macho kompyuta zetu, na mashine ilikuwa pale koridoni imewasha kitaa cha rangi ya chungwa, inasema na ukuta. Mhasibu ndiye aliyekwenda kuisoma. Alirudi pole pole. Alisema printa inaomba karatasi kubwa, ile ya ramani, ambayo haimo kwenye trei.

"Nani kaiomba?" Shangazi aliuliza.

Mhasibu alikuwa ameshakaa mezani kwake. Tulimwona anafungua foleni, anapanda nayo juu kabisa, na kule juu, mbele ya kazi zetu zote, ilikuwa jedwali lake la bajeti, alilolitanua kwa karatasi kubwa ili lionekane vizuri, akalituma na kulisahau. Hakusubiri kuambiwa. Alilifuta. Kisha akaanza kufuta nakala za jarida, moja moja, akabakisha ile ya katibu muhtasi peke yake, akaondoa mkono kwenye kipanya. Koridoni printa ilikohoa, ikavuta karatasi.

Shangazi aliisikia hata kule alikokuwa. Alisema kwamba ni vizuri sana, na kwamba kumbe tunaweza. Alisema hivyo kwa furaha ya kweli, na ndiyo maana iliuma. Mambo hayo aliyafundisha Jumatano ya kwanza kabisa.

Ndipo akauliza ni waraka gani huo uliotutoa jasho. Tukatazamana. Katibu muhtasi alimwambia ni jarida, lina wasifu wake wa kumuaga. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Akasema tusilete nyingi, nakala moja inamtosha, atamsomea dada.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Sauti nyingine, ya mtu mzima zaidi, iliuliza taratibu: "Ni hao wa kazini? Bado tu wanakuhitaji?"

"Wanamalizia, dada."

"Mwaka juzi ulisema hivyohivyo."

Haikuwa sauti ya hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo la kawaida tu. Shangazi alituaga haraka, akasema tutaonana kesho kwenye sherehe, lakini hatakaa sana. Tulibaki tumesimama kuizunguka simu iliyokatika, watu wazima wenye vyeo na vitambulisho shingoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi mezani kwake.

Basi asante, Shangazi. Asante kwa miaka thelathini na mitatu, na kwa kila mwananchi aliyetoka humu na hati yake mkononi bila kujua nani aliifanya itoke. Kwa ile miwili ya mwisho hatusemi asante, kwa sababu haikuwa yetu. Tunasema utusamehe, na tunamwomba dada naye atusamehe, ingawa hatuna la kumrudishia. Tunakuombea afya, mikono imara na siku ndefu za kukaa karibu naye, akishika kila mshono wako kwa vidole na kukuambia ufumue uanze upya.

Jumatatu printa itagoma, hilo linajulikana. Tumekubaliana kuandika ombi na kusubiri kama watu wengine, lakini tunajijua tulivyo. Tukikupigia, usipokee.