Sahihi za Akina Mama Kulwa

Wazee wangu, shikamooni. Wasukuma wenzangu, mwangaluka. Na nyie wa rika langu, mambo? Akina dada pale nyuma naona hamjaitikia. Haya, nitarudi kwenu.

Nashukuru kikundi chenu cha hapa Nyegezi kwa kuniita. Mwenyekiti wenu kaniambia vitu viwili pale mlangoni: nisiongee sana, na nisitaje jina la mtu. La kwanza sijaahidi. La pili nitajitahidi, ingawa ndugu zangu, nawaambia, habari yangu yote ni habari ya majina.

Mimi ni mbeba magunia. Darasa la saba nikaishia hapo. Shule haikunishinda, tulishindwana. Nabeba dagaa ufukweni kwetu, upande wa Pasiansi, kutoka kwenye mtumbwi mpaka pale akina mama wanapoanika. Na mdomo ninao. Ufukweni kwetu mtu akitaka kucheka, alikuwa anajua aje kwa nani.

Sasa, akina mama wa kwetu wanaanika mchangani na juu ya yale mawe makubwa, tangu mimi sijazaliwa. Halafu ukaanza uzio wa tajiri mmoja, jina nimekatazwa. Leo nguzo mbili, kesho waya, keshokutwa njia uliyokuwa unashukia ziwani ukiwa mtoto unaikuta ina geti. Mama anaanika, anaambiwa toa. Anasogea, anaambiwa na huko toa. Na dagaa nyie mnawajua, hawana subira. Wakikosa jua siku moja tu, tayari ni chakula cha kuku.

Mtaa ukakaa, ukaomba sheria ndogo. Eneo la kuanikia lipimwe lijulikane, na njia ya kushukia ziwani asiifunge mtu. Tukakubali wote. Hata walevi walikubali, na walevi wa kwetu hawajawahi kukubaliana hata leo ni siku gani.

Rasimu ikafika kwa mheshimiwa diwani, maana kamati inayotakiwa kuipeleka kwenye baraza, yeye ndiye mwenyekiti wake. Ikakaa. Kikao kikija, tunaambiwa kuna marekebisho madogo. Kikao kingine, wataalamu wanaipitia. Kingine, haikuwahi kuingia kwenye ajenda. Kwa nini aliikalia? Sijui. Watu wana maneno mengi, ila mimi leo sitasema nisichokijua. Ninachojua ni kwamba aliikalia, na uzio haukukaa. Uzio ulikuwa unatembea.

Ndipo tukasema tukusanye sahihi. Tumtake aiachie ile sheria iende barazani, au aachie kiti cha kamati. Nani azungushe karatasi? Watu wote wakanigeukia mimi. "Wewe una mdomo, na mwandiko wako unasomeka." Nikavimba kichwa, nawaambieni ukweli. Nilijiona mbunge.

Nikaanza kuzunguka asubuhi, wakati akina mama wako kazini. Hapo sikilizeni vizuri, maana na nyie mnataka kukusanya za kwenu. Namfuata mama, mikono imejaa magamba. Namwambia weka sahihi. Ananiambia, "Mwanangu, nitalowesha karatasi yako. Andika wewe."

"Niandike nani?"

"Kwani hunijui? Andika Mama Kulwa."

"Na hapa pa sahihi?"

"Chora chochote, si nipo hapa nakuona?"

Nikachora. Na nyie mnajua usukumani kwetu, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto. Mama Kulwa pale ufukweni ni wengi kuliko mitumbwi. Nikaandika Mama Kulwa mrefu, Mama Kulwa wa mihogo, Mama Kulwa jirani na bomba. Kuna bibi mmoja anapenda kusikiliza taarifa ya habari, nikamwandika Bibi Redio, naye akafurahi. Shemeji yangu, mke wa kaka, naye ni Mama Kulwa. Nilimwandika Mama Kulwa wa nyumbani kwetu. Kwangu mimi ile karatasi ilikuwa sahihi kabisa. Ukinisomea jina moja, nakupeleka mpaka kwenye jiko lake.

Siku ya mkutano wa mtaa, mheshimiwa akaja. Akaichukua ile karatasi, akavaa miwani, akaanza kuisoma kwenye kipaza sauti.

"Mama Kulwa mrefu. Mama Kulwa wa mihogo. Mama Kulwa jirani na bomba. Hivi mtaa huu mnazaa mapacha tu?"

Watu wakacheka.

"Bibi Redio! Huyu ni binadamu au ni chombo?"

Wakacheka zaidi. "Na mwandiko wote mmoja, sahihi zote mkono mmoja. Simama kijana. Hawa wote ni wake zako?"

Ndugu zangu, mimi nimechekesha watu maisha yangu yote. Siku ile ndiyo nilijua kuchekwa ni kitu kingine. Kuna mtu mmoja tu hakucheka: baba yangu. Alikaa mstari wa mbele, amevaa fulana ya kampeni ya mheshimiwa, maana yeye ni mtu wake wa siku nyingi. Hakucheka. Aliangalia chini.

Nikachukuliwa na mgambo kwa kughushi sahihi. Nikakaa kwenye benchi la ofisi mpaka jua likapinda, wakaniachia na onyo. Nimefika nyumbani, mzee akaniambia, "Umenifanya nionekane nimezaa tapeli." Basi. Baada ya hapo hakunisemesha. Tunakula sahani moja, chumvi anamwomba mama apitishe.

Ufukweni nako, nikitokea tu, vijana wanaita, "Mume wa Mama Kulwa!" Akina mama wengine wakawa wanaogopa hata mimi kubeba gunia lao, wasije kuitwa ofisini. Na uzio ukazidi kusogea.

Nikakimbia. Nikaenda Buhongwa kwa shangazi, nikawa nagonga kokoto. Kazi ile nzuri, mawe hayakujui. Shangazi akadhani naumwa, maana ile nyumba niliingia kimya kama mwizi. Aliniuliza, "Wewe ndiye yule mpiga kelele kweli, au wameniletea mwingine?" Utani uliniisha. Mkidhani ni kitu kidogo, muulizeni mtu anayeishi kwa mdomo wake.

Aliyenifuata kule ni shemeji. Akasimama juu ya lile rundo la kokoto, kaniambia, "Umemaliza kujificha?"

Nikamwambia, "Shemeji, niliharibu."

"Uliharibu nini? Sisi si ndio tulikwambia andika? Majina si yetu? Mheshimiwa amesema sisi hatupo. Mimi nipo. Twende ukatushikie meza."

Meza tu! Wala siyo karatasi. Nikanyanyuka, nikaenda kushika meza.

Safari hii tuliiweka pale pale wanapoanika. Pembeni beseni la maji na sabuni. Mama ananawa, anajifuta, anatoa kitambulisho, anaandika mwenyewe, hata kama herufi moja inachukua muda wa kukaanga samaki. Mimi kazi yangu ikawa kubadilisha maji ya beseni. Bibi Redio akaandika majina yake matatu, tukashangaa wote. Hakuna aliyekuwa anayajua.

Tukaenda tena kwenye mkutano wa mtaa. Mheshimiwa hakuzigusa hata karatasi. Akasema, "Makaratasi nimeshayaona ya kutosha. Nataka kumsikia mtu mwenyewe. Wewe mama, simama, taja majina yako matatu." Akamnyooshea kidole shemeji.

Shemeji akasimama. Akataja la kwanza. Akataja la pili, la baba yake. Akaishia hapo.

"La tatu?"

"Lipo kwenye kitambulisho, mheshimiwa."

"Nimesema ulitamke."

Shemeji akainamisha kichwa, akashika kanga yake. Nyie akina mama naona mmeshaelewa. La tatu ni la ukweni. Ni la baba yangu. Na baba yangu amekaa pale mbele, na ile fulana yake. Huku kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, hata nyumba iwe inaungua. Mheshimiwa sijui alisahau, sijui hasira. Akacheka kwenye kipaza sauti.

"Mnaona wananchi? Mtu hajui hata jina lake! Ndizo sahihi zenu hizi."

Vijana wachache wakacheka. Mimi nikataka nisimame nimsemee, nikajizuia. Nikaona nitaharibu tena.

Akasimama mzee.

Hakuomba ruhusa. Akageukia watu, akasema, "La tatu ni langu." Akalitaja. Akalitaja tena kwa sauti zaidi, kama mtu anayeita ng'ombe aliye mbali. "Huyu ni mke wa mwanangu. Tangu aingie kwangu hajawahi kulitia jina langu mdomoni. Unamcheka kwa kuniheshimu mimi? Haya, muulize mwingine. Na huyo akikwama, mkwe wake yule pale, amevaa kofia."

Yule wa kofia akasimama. Akasimama na mwingine kule nyuma. Mama anataja mawili, mzee anamalizia la tatu. Wazee ambao hawakuwahi kukanyaga mkutano wetu wa uzio, na wengine watu wa mheshimiwa kabisa. Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti wa mtaa akaandika kila kitu kwenye muhtasari, na safari hii mheshimiwa akaupokea kwa mikono miwili.

Sheria ilikwenda barazani, ikapita. Mheshimiwa mwenyewe alinyoosha mkono. Imepandishwa juu kwa waziri, bado inasubiri kibali chake huko, na mimi siwadanganyi kwamba uzio umeng'olewa. Haujang'olewa. Ila umesimama, na geti liko wazi, na akina mama wanaanika.

Namshukuru shangazi aliyevumilia mgeni bubu. Namshukuru shemeji, sina neno la kumtosha. Nawashukuru akina mama walioniamini na beseni. Na mama yangu, aliyepitisha chumvi miezi yote ile bila kuchoka.

Na mzee. Siku ile tulirudi nyumbani naye kwa miguu. Tukiwa tunakaribia mlangoni nikasema, "Asante baba." Akaniuliza, "Ile karatasi ya kwanza ilipita mtaa mzima. Ilipita kwa walevi. Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Mbona hukunipa?"

Nikamwambia nilijua atakataa.

"Uliniuliza?"

Ndugu zangu wa Nyegezi, mkianza kukusanya sahihi zenu, beseni na sabuni msisahau. Ila kabla ya kwenda kokote, mwangalieni yule wa nyumbani kwenu anayempenda diwani kuliko wote. Kaeni naye. Mpeni kalamu. Akikataa, basi, atakuwa amekataa yeye, siyo nyie mliomkatalia.