Saini ya Sakellaris, Fundi wa Viyoyozi

Ndugu waombolezaji, liko jambo ambalo familia haijapata jibu lake kwa miaka tisa, nalo ni kwa nini marehemu Sakellaris Halkias, siku mkaguzi alipoingia gereji, alisema, "Saini ni yangu," ilhali haikuwa yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 mjini Pothia, kisiwani Kalymnos, Ugiriki, akasoma huko shule ya msingi, na mwaka 1969 akaletwa na wazazi wake hapa Darwin, Australia, ambako aliacha shule mwaka 1973 ili ajifunze ufundi wa magari. Tarehe 16 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Themelina, akivishwa taji la ndoa na kumbaro wake, yaani msimamizi wake wa harusi, Nomikos Vouros, ambaye baadaye alimbatiza Kalotina, mtoto wao wa pekee, na mwaka 1986 marehemu na Nomikos wakafungua gereji ya viyoyozi vya magari huko Winnellie.

Mlimjua kwa ukaidi wake, kwamba hakuongeza gesi kabla hajajua ile ya kwanza imevujia wapi, alikagua mkanda na kompresa, akapapasa maungio akitafuta mafuta, akanyonya hewa yote kwa pampu, kisha akafunga geji na kunywa kahawa nusu saa akiutazama mshale, na ukipanda hata kidogo, maana yake hewa inaingia mahali, gari halitoki. Novemba, joto likitutia wazimu, wateja walimpigia kelele, "Sakis, jaza tu bwana, watoto wanaiva huko nyuma!" naye akajibu, "Basi wageuze, upande wa pili bado."

Novemba 2015 alikwenda Kalymnos kumzika mama yake, akamwachia kumbaro funguo, na kwa wiki tatu Nomikos akajaza magari thelathini na mawili gesi rahisi inayoshika moto, bila kupima uvujaji, akiweka kwenye kila cheti saini na nambari ya leseni ya Sakellaris. Gari moja liliungua, dereva akanusurika. Mkaguzi alipouliza saini ni ya nani, Nomikos alikuwa papo hapo, akatazama sakafu. Leseni ikaondolewa, na marehemu akazunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi wenye magari mengine waende kwa fundi mwingine wakatolewe gesi ile. Themelina alipomuuliza, "Unamficha kwa nini?" alisema tu, "Kunywa kahawa, inapoa."

Aliugua figo tangu 2023, akafariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, alasiri. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta samaki na mkate, na mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo.

Juzi, ngano inayochemshwa kwa kumbukumbu ya marehemu ikiwa jikoni, Nomikos alikuja kuomba abebe jeneza. Themelina akamwambia, "Jeneza lina wabebaji, kumbaro. Wewe utabeba karatasi." Akaandika haya kwa mkono wake, na ikaamuliwa yasomwe mbele ya watu wote, bila kuruka neno, na Nomikos Vouros, ambaye ndiye amesimama mbele yenu akiyasoma.

Pumzika sasa, Sakellaris, jina lako limerudi kwako.